Nyumba Isiyo na Udongo

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyeumba udongo kabla hajatokea mtu wa kuuwekea bei, na ambaye hadi leo hajamdai yeyote kati yetu hati miliki. Yeye ndiye aliyenitoa Taita nikiwa na sanduku moja na cheti kimoja, akanipa kazi ya heshima ugenini, akanivusha miaka ya korona pumzi yangu ikiwa bado kifuani. Nikianza na jambo jingine kabla ya hilo nitakuwa nimeanza vibaya.

Nyinyi vijana mlioingia kazi ya uthamini wa nyumba na ardhi hapa Sydney mliniomba, siku ya kuniaga, niwaandikie yale ambayo chuo hakifundishi. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta visingizio. Bustani imekwisha kulimwa, wajukuu wamerudi shule, na visingizio vimekwisha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ripoti zote za maisha yangu niliziandika kwa Kiingereza, na sijui hata moja iliyosomwa na mtu akifurahi.

Ofisi yetu ilikuwa Smithfield, ghorofani, juu ya ghala la matairi. Wakati wa joto harufu ya mpira ilipanda mpaka kwenye chai. Aliyenipokea ni Bwana Neville, mthamini mkongwe, mrefu, asiyezungumza na mtu kabla ya kikombe cha pili. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniwekea mezani vitu vinne: mita ya gurudumu ya kupimia ardhi, buti za mpira, daftari lenye jalada gumu, na tochi.

"Tochi ni ya nini mchana?" nikamwuliza.

"Ya kuangalia chini ya sakafu," akasema. "Ukutani watu hupaka rangi. Chini ya nyumba hawapaki."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na ninyi wenye simu zenye taa hamna udhuru.

Bwana Neville alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha kwa mvua wala kwa jua. Kabla ya kuandika bei ya shamba lolote, utatembea mpaka wake wote kwa miguu, si kwa gari. Ukipewa maji ya tangi, utakunywa, maana anayeishi hapo anayanywa. Utazungumza na jirani mmoja kila upande. Baada ya hapo ndipo utatafuta mauzo matatu ya mahali panapofanana na pale, na kwa kila shamba lililouzwa utauliza maswali matatu: Liliuzwa lini? Lilikuwa katika hali gani? Muuzaji alikuwa na haraka?

Swali la nne ni langu. Nalisema bila kuona haya, kwa kuwa nalijivunia kuliko vyeti vilivyoning'inia ukutani kwangu. Wiki yangu ya kwanza tulikwenda kwenye shamba la farasi lililouzwa kwa bei ya chini ajabu. Tulimkuta aliyeliuza bado akikusanya vitu vyake. Bwana Neville akauliza maswali yake matatu. Majibu yote yalikuwa mazuri na bei bado ilikuwa mbaya. Mimi, kwa mazoea ya kijijini, nikamwuliza yule mtu: "Aliyenunua ni ndugu yako?"

Bwana Neville akakohoa. Huku kwao kumwuliza mtu usiyemjua mambo ya ukoo wake ni kama kumfungulia sufuria jikoni. Yule mtu akawa mwekundu, akatazama farasi, kisha akasema, "Ni mpwa wangu."

Tulirudi garini. Baada ya mwendo mrefu Bwana Neville akasema, "Umejuaje?"

"Kwetu Taita," nikamjibu, "shamba likiuzwa kwa bei hiyo, ama lina kaburi ama mnunuzi ni wa ukoo. Makaburi sikuyaona."

Alicheka mpaka akaegesha gari kando. Kisha akatoa daftari na chini ya maswali yake matatu akaandika la nne: Je, ni ndugu? Alipostaafu aliniachia mimi daftari hilo, na wala hakusema neno lolote la kuaga isipokuwa kwamba paka wa ofisini alishwe.

Miaka iliyofuata sitaieleza yote. Nilithamini mashamba ya mboga, mabanda ya kuku, makanisa mawili na gereji moja iliyokuwa na nyoka. Mashauri magumu kuliko yote yalikuwa yale ya nyumba za kuhamishika, na hizo ndizo nataka mzijue vizuri, kwa kuwa zitazidi kadiri nyumba za kawaida zinavyozidi kuwashinda watu.

Nyumba ya namna hii hutengenezwa kiwandani, huletwa kwa lori ikiwa vipande viwili, huunganishwa na kusimamishwa juu ya nguzo za chuma. Ina jiko, bafu, vyumba, na baraza ukitaka. Mwenye nyumba anamiliki nyumba. Udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine. Kwa hiyo mwenye udongo akisema "ondoka," mwenye nyumba hafukuzwi peke yake, hufukuzwa pamoja na kuta zake. Inaitwa ya kuhamishika, lakini jaribu kuihamisha: lori, winchi, mafundi, ruhusa, na mahali pengine pa kuiweka, ambapo ndipo hapapatikani. Nimeona watu wakiiacha nyumba nzima nyuma kama mtu anavyoacha viatu mtoni.

Majirani nao, hasa mashambani, wakiiona nyumba hiyo ng'ambo ya uzio husema neno moja: "Imeshusha bei ya nyumba yangu." Katika kazi hii nimelisikia neno hilo likisemwa juu ya mabanda ya kuku, shule, msikiti, kanisa letu wenyewe, na familia moja ya wapiga ngoma. Mara chache lilikuwa kweli. Kazi yetu si kukasirika wala kuhurumia. Kazi yetu ni kusema, "Nionyeshe."

Sasa niwaeleze ya miaka ya korona, na humo niwaeleze kosa langu.

Ilikuwa wakati ule tuliofungiwa kwa muda mrefu, sisi wa kusini-magharibi tukibanwa kuliko wengine. Mimi naishi Liverpool. Helikopta ya polisi ilizunguka juu yetu, ibada tulisali kwa simu, na wathamini hatukuruhusiwa kuingia nyumba za watu. Ofisi ikatuambia tufanye kazi mezani: picha za setilaiti, kumbukumbu za mauzo kwenye kompyuta, basi. Nilithamini mashamba nikiwa nimevaa ndala. Nakiri kwamba kwa wiki chache za kwanza niliona ni raha.

Akanipigia simu mtu mmoja aitwaye Carlo. Mama yake, mkulima wa mboga wa asili ya Kiitalia, alikuwa na ekari kadhaa huko nje, nyuma ya Campbelltown, na kwa uzee alikuwa amepelekwa kwenye makao ya wazee. Kabla ya hapo alitunzwa nyumbani na mwanamke Mkongo, mjane, Mama Esperansi, aliyekuwa akitoka Macquarie Fields kila alfajiri kwa treni na basi kuja kumwogesha na kumpikia. Yule bibi akamwambia, "Kwa nini uhangaike na barabara? Nunua nyumba, iweke hapa." Mama Esperansi akatoa akiba yake yote ya miaka, akanunua nyumba ya kuhamishika, ikawekwa kwa ruhusa zote za kaunsili. Ila kati yake na yule bibi hapakuwa na karatasi. Palikuwa na neno la mdomo tu, na mwenye neno sasa alikuwa amesahau hata jina la mwanawe.

Jirani mmoja, Bwana Garry, alimwandikia Carlo kwamba nyumba ile imemharibia bei, na kama haitaondolewa atakwenda kwa mawakili. Carlo alikuwa mtu wa haki aliyechoka. Akaniambia: "Sitaki vita na mtu. Niandikie ukweli. Kama imemshushia bei, nitamwomba mama yule aiondoe. Kama haikushusha, nitampa mkataba wa maandishi, akae."

Kwa hiyo mnaona kilichokuwa mezani kwangu. Ripoti moja, na mwisho wake ama mwanamke yule ana mahali pa kukaa ama hana.

Nikaketi kwenye kompyuta. Karibu na nyumba ile kulikuwa na nyumba moja tu iliyouzwa karibuni: ya jirani mwingine, upande wa pili wa uzio, iliyouzwa baada ya Mama Esperansi kuhamia, kwa bei ya chini kabisa. Majina ya muuzaji na mnunuzi yalikuwa tofauti. Tarehe ilikuwa nzuri. Picha ilionyesha nyumba safi. Sikuona sababu nyingine ya bei ile kuanguka. Nikaandika kwamba kwa ushahidi uliopo, nyumba ya kuhamishika inaelekea kushusha thamani ya jirani. Nikatia sahihi, nikatuma, nikala chakula cha mchana.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Jambo, Mama. Hali ya nyumbani? Watoto wanaamka vizuri? Na hii ugonjwa, Mungu anawalinda?"

Nikajibu salamu zote, kwa kuwa hazikuwa na haraka. Kisha akasema, "Miye ni Esperansi. Carlo amenipa karatasi, jina yako iko pale chini. Nikaona ni jina ya kule kwetu Afrika, nikasema ntamuongelesha mama huyu Kiswahili. Wanasema nitoe nyumba mwisho wa mwezi."

Nikaanza kumweleza habari za ushahidi.

"Hapana, Mama, sipigi telefone juu ya kugombana. Minaomba tu kujua kitu moja. Ulifika hapa siku gani? Juu sikukuona. Ningekutengenezea chai."

Vijana, nimewahi kuhojiwa na mawakili wenye sauti kubwa na sikutikisika. Swali lile lilinitoa jasho.

"Sikufika," nikasema.

"Bon," akasema, yaani sawa. "Sasa uliona namna gani?"

Nikamwambia juu ya nyumba ya ng'ambo ya uzio, iliyouzwa bei ya chini.

"Ile ya Debbie?" Nikasikia akicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Aa, Mama! Ile nyumba ilikuwa ya baba yabo. Kaka yake ndiye alimuuzia. Akamuambia, dada, wewe ndiye ulimutunza mzee, toa kidogo tu, chukua nyumba. Debbie alilia siku ile."

"Umejuaje mambo hayo?"

"Lakini Mama! Siku nilihamia nilizunguka na sambusa, mlango kwa mlango, kujulisha majirani. Debbie akanikalisha, akanieleza yote mpaka ya ndoa yake. Ule jina mwingine ni ya mume."

Nikafumba macho. Swali la nne. Swali langu mwenyewe, nililolileta kutoka kwetu, nililomfundisha mzungu akaliandika kwenye daftari lake. Nikiwa na buti miguuni singelisahau kamwe. Nikiwa na ndala nililisahau, kwa sababu kompyuta haina uso wa kuwa mwekundu.

"Mama Esperansi," nikasema, "nimekosa. Nitairudisha ile ripoti."

"Inarudiaka?"

"Itarudi."

Haikurudi kwa urahisi. Meneja wetu, kijana mwenye akili na viatu vinavyong'aa, aliniambia kwenye simu, "Mama Mkawasi, ukiondoa ripoti iliyotiwa sahihi, wateja watauliza ni ngapi nyingine zenye makosa. Ongeza tu maelezo mwishoni."

"Mwanangu," nikamwambia, "maelezo ya mwishoni hayasomwi. Mwisho wa mwezi unasomwa."

Nikamwandikia Carlo barua ya mistari sita. Sikuulaumu ugonjwa wala kompyuta. Nilisema: mauzo niliyoyategemea yalikuwa ya kaka na dada, nilipaswa kuuliza, sikuuliza, naiondoa ripoti, naomba usubiri hadi niruhusiwe kufika. Nilipoituma nilipiga magoti, maana nilikuwa nimemaliza yaliyo yangu. Carlo akajibu kwa neno moja, kwamba atasubiri. Mungu ambariki kwa uvumilivu ule; nimewajua wateja ambao wangetaka warudishiwe ada kwanza.

Njia zilipofunguliwa nilivaa barakoa na buti, nikachukua gurudumu langu la kupimia, nikatembea mpaka wote. Nyumba ya Mama Esperansi ilikuwa ndogo, nadhifu, na mlango wake aliupaka njano ya kuumiza macho. Alinipa chai barazani, kila mmoja mwisho wake wa baraza. Maji yalikuwa ya tangi. Yalikuwa matamu.

Kisha nikaenda kwa Bwana Garry. Alisimama getini, mikono kifuani.

"Wewe ndiye mthamini, love?" Wanawake wote huku huitwa hivyo, hata wasiopendwa. "Ulishaandika kwamba niko sahihi. Umekuja kufanya nini tena?"

"Nimekuja kuandika vizuri zaidi, bwana. Mara ya kwanza niliandika bila kukuona."

"Basi tazama," akasema, akinyoosha kidole. "Trela ile."

"Haina magurudumu."

"Mlango ule!"

"Mlango nakubaliana nawe," nikasema, naye akakaribia kucheka.

Nikamwomba nitembee uwanja wake. Njia ya kuingilia ilivuka kijito kwa daraja la mabomba lililobomoka upande mmoja. Tope lilifika nusu ya buti zangu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha mbwa. Paa lake lilikuwa kibao cha dalali, kile kikubwa cha kutangaza nyumba inauzwa, kimepauka kwa jua hata picha ya nyumba ilionekana kama mzimu.

"Mbwa ana paa zuri," nikasema. "Kibao hiki ni cha lini?"

"Hicho? Cha zamani. Tulijaribu kuuza kabla ya yule mama hajaja. Miezi minane hakuja mtu wa ma—"

Akakigeukia kibao. Mbwa akatutazama kwa zamu.

Sikumcheka. Nikamwuliza kwa nini alitaka kuuza. Akasema, bila kunitazama, kwamba mkewe anahitaji kusafishwa damu hospitalini Liverpool mara tatu kwa wiki, na njia ile ikijaa maji hawawezi kutoka. Alihitaji kuhamia karibu, na alihitaji bei ya kumfikisha huko. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu hutafuta kitu cha kunyooshea kidole, hasa kitu chenye mlango wa njano.

Nilitembelea nyumba nyingine tatu zilizouzwa mbali na pale, kila moja ikiwa jirani na nyumba ya kuhamishika. Nikatembea mipaka yake, nikauliza maswali yote manne. Niliwafanya watu watatu wawe wekundu juu ya barakoa zao. Ripoti ya pili ilisema kwamba sikuona ushahidi wa thamani kushuka. Kwamba nyumba ya Bwana Garry haikupata mnunuzi hata kabla ya jirani yake kufika. Na kwamba akitengeneza daraja la kijito atapata zaidi kuliko angepata kwa kuondoa nyumba yoyote. Sentensi hiyo ya mwisho haikuulizwa na mtu. Niliiweka kwa ajili ya mkewe.

Sijui kama aliishukuru. Nasikia daraja limetengenezwa.

Carlo alitimiza neno lake. Aliniomba niwepo siku ya sahihi, kwa kuwa Mama Esperansi alisema Kiingereza cha karatasi kinamkimbia. Tulisimama nje, mkataba juu ya boneti ya gari, jiwe likiushikilia usipeperuke. Carlo alisoma kifungu, mimi nikakitafsiri kwa Kiswahili. Miaka kumi, na kumi tena akitaka. Kodi ndogo ya ardhi. Haki ya kubaki hata shamba likiuzwa kwa mtu mwingine.

"Hapo rudia," Mama Esperansi akasema.

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akashika kalamu, kisha akaishusha.

"Mama, muulize Carlo. Naweza kupanda miti?"

Nikauliza. Carlo akashangaa. "Miti? Bila shaka. Apande chochote."

Hakuelewa kwa nini sisi wawili tulitazamana. Kwao Kivu, kama kwetu Taita, anayekaa kwenye udongo wa mtu hupanda maharage, mahindi, mchicha, vitu vinavyovunwa na kwisha. Mti hapandi. Kupanda mti ni kusema, mimi niko hapa, na wanangu watakula. Mwenye ardhi akikuta mche wa mwembe au mparachichi shambani mwake huung'oa kabla haujamwuliza swali.

"Si chochote," nikamwambia Carlo. "Andika miti."

"Lakini nimeshasema ndiyo."

"Mama yako pia alisema ndiyo, mwanangu. Andika."

Akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake chini ya kifungu cha mwisho: Mpangaji anaruhusiwa kupanda miti ya matunda, na matunda ni yake. Akatia herufi za jina lake pembeni. Mama Esperansi akasoma mstari ule mwenyewe, neno kwa neno, kidole kikitembea chini yake, na hakuhitaji mkalimani. Kisha akatia sahihi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe paa lisilotikiswa na ulimi wa mtu, na jirani unayeweza kumgongea mlango. Akupe miguu ya kufika mahali kabla hujatoa hukumu juu yake, na ukikosea, akupe moyo wa kurudi. Kazi ya mikono yako aithamini Yeye mwenyewe, kwa huruma yake. Amina.